Stempu za Mjomba na Mate ya Nyanya

Mjomba hakuruhusu mtu yeyote aguse stempu zake, hata mama yake mzazi. Ukitaka kuziona ulinawa mikono kwa sabuni, ukajifuta kwa taulo lake, kisha ukasimama mikono nyuma huku yeye akifungua bati la biskuti. Ndani mlikuwa na karatasi ngumu iliyokunjwa katikati, na katika mkunjo huo stempu tatu zilizofunikwa kwa karatasi laini. Moja ilikuwa na kamba iliyozungushwa, ya pili mbayuwayu wakiruka, ya tatu dunia ndani ya dira. Zote zilikuwa na kichwa cha Malkia. Chini ya karatasi hiyo, katika pamba, ililala sarafu ya shaba ya ukumbusho, nyekundu nyeusi, isiyoweza kununua hata kiberiti. Vyote hivyo alivileta kutoka Uingereza, alikopelekwa kwenye mkutano mkubwa wa maskauti wa dunia nzima.

Nilivitazama siku moja tu, na nilivichukia tangu siku hiyo. Mimi na baba tulikuwa tumefika Embu kumwomba mjomba jambo, na yeye akaanza kwa kutuonyesha stempu.

Mama alikuwa amelala nyumbani Meru na uvimbe tumboni ambao hospitali ilikwisha kumwachia Mungu. Alikuwa anataka kitu kimoja, na hakuwa na haya kukitaja: mama yake aje amtemee mate kifuani. Msikunje nyuso. Kwa watu wa Embu, na hata kwa Wameru, mzee akikubariki hukutemea mate, kinyunyizo kidogo tu, kifuani au viganjani, na maneno mema yakafuata. Anakupa maji ya mwili wake mwenyewe. Mtu aliyeolewa bila mate hayo ameolewa nusu, na mama aliolewa hivyo. Alitoroka kwao, nyumba ya Wakristo wenye shamba lao na kiti chao kanisani, akamfuata mchinjaji wa Kiislamu mjini Meru, mtu ambaye ukimwuliza kabila lake alikutajia mtaa. Nyanya alikasirika miaka mingi. Hasira ilipokwisha, barabara zikafungwa.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, Emajensi kama watu walivyoiita. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuvuka mpaka wa wilaya yake bila pasi yenye idhini ya bwana shauri, yule Mzungu kijana aliyetawala vipande vya wilaya, na idhini ilipatikana ukiwa na mtu wa kukusemea. Nyanya alikuwa na karatasi ya chifu ya kumruhusu kwenda shambani na kurudi kijijini kabla ya king'ora. Kijiji chenyewe kilikuwa ukingoni mwa mji wa Embu, upande ambao siku hizi kumejaa nyumba za kupangisha na watu wanapaita Dallas. Kilizungushwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Nyanya alilichimba handaki hilo kwa jembe lake mwenyewe, pamoja na wanawake wenzake, ili wasiweze kutoka.

Baba hakuwa wa makabila yaliyobanwa, kwa hiyo alikwenda na kurudi akinunua mbuzi. Mtu wa kumsemea nyanya alikuwa mjomba. Alikuwa mwalimu, kiongozi wa maskauti, mwaminifu wa serikali, na alikaa nje ya handaki katika nyumba ya mabati. Neno lake moja kwa bwana shauri lingetosha.

"Nawa kwanza, shemeji," alimwambia baba.

Baba akanawa. Mjomba akamnusa, ndiyo, akamnusa mbele yangu, akasema mikono ya mchinjaji ina mafuta, anawe tena. Baba yangu alikuwa mtu wa udhu na sabuni, duka lake la nyama lilioshwa sakafu kila jioni, na aliinama juu ya karai la shemeji yake mara ya pili. Mjomba ndipo akamwekea ile sarafu kiganjani.

"Shika ukingoni. Hii kitu haitaki uchafu. Mkono mchafu ukiigusa, basi, imeharibika."

"Nimesikia," baba akasema. "Shemeji, mgonjwa yuko katika hali mbaya. Tunaomba mama apate pasi."

"Na stempu ni hivyo hivyo," mjomba akaendelea. "Hizi hazijawahi kulambwa. Stempu ikilambwa imekufa, inabaki ya kutuma barua tu."

Nyanya alikuwa ameingia na kuni mgongoni, ruhusa yake ya shamba mkononi, akawa amesimama mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kichwa kilichonyolewa na macho ya kudadisi. Akauliza kwa Kiembu hizo zinafanya kazi gani basi, kama si kulambwa.

Mjomba alipenda kufundisha hata palipohitajika huruma. Akamweleza mama yake kwamba stempu ndiyo ruhusa ya barua. Barua yenye kichwa cha Malkia inatoka Uingereza, inapita bandarini, inapita Nairobi, inapita vizuizi vyote mpaka Embu, na hakuna askari wa kuisimamisha.

"Haiulizwi kabila?" nyanya akauliza.

"Haiulizwi."

Kuhusu pasi alijibu mwishoni, akifunga bati. Alisema si wakati mzuri. Alisema akimwombea mama yake ruhusa ya kwenda kukaa kwa mchinjaji mjini, huko ambako watu wa kila namna hukutana, wakubwa watajiuliza, na yeye ametajwa kwenda na vijana kwenye mkutano mwingine wa nje. "Emajensi itaisha," akasema. "Dada angojee."

Damu nzito kuliko maji, husema watu. Mimi nilimtazama kaka wa mama yangu akilirudisha bati kabatini kwa vidole viwili, nikaona kwamba ukimkata itatoka wino. Baba akaaga kwa adabu. Njiani hakusema kitu mpaka Runyenjes, na aliposema alisema juu ya mbuzi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na nyanya mwenyewe, zaidi ya mara moja, na kila mara alinisimulia kwa fahari ya mtu aliyekaribia kushinda.

Alikuwa amewaza hivi. Barua haina miguu, haina mama, haina mtoto mgonjwa, na inapita. Inapita kwa sababu ya kichwa cha Malkia. Tena alikwisha kumwona karani wa posta akitoa ulimi na kulamba kila stempu kabla ya barua kusafiri, na jambo hilo ndilo lililomshawishi kabisa. Kumbe Wazungu nao wanajua! Kumbe nao hawatoi kitu nyumbani kwenda safari bila kukitemea mate! Mwanawe tu, aliyesoma, ndiye hakuelewa kwa nini stempu zililambwa, akazifungia kavu katika bati kama mwanamke asiye na watoto afungiavyo nguo za kitoto.

Basi siku mjomba alipokuwa uwanjani akiwapanga vijana wake mistari, nyanya aliingia, akafungua kabati, akafungua bati. Hakunawa. Alizilamba stempu moja moja, polepole, akimtaja binti yake kila alipolamba, akazibandika kwenye karatasi ya chifu: kamba juu, mbayuwayu katikati, dunia chini. Sarafu akaifunga katika pindo la leso ampelekee mama, kwa kuwa mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Kisha akashika barabara.

Na alipita! Hilo huwa linanichekesha hata leo, na ni kicheko kichungu. Homgadi, mlinzi wa serikali kwenye kizuizi cha kwanza, hakujua kusoma. Aliigeuza karatasi juu chini, akamwona Malkia, akamwona tena, akamwona mara ya tatu, akapiga saluti. Wa kizuizi cha pili alisema Malkia sawa, lakini mkono mtupu haulambwi, akachukua nduma alizokuwa nazo kikapuni. Watu wa njiani walianza kumnong'onea kwamba ana pasi kubwa kuliko ya chifu. Alilala kwa mwanamke mmoja aliyefahamiana naye kanisani, akaondoka kumekucha, akafika mtoni kwenye mpaka wa Embu na Meru miguu imevimba na moyo umetulia. Ng'ambo ya daraja ilikuwa Meru. Bado kulikuwa na mwendo mrefu, Chuka yote na mabonde baada yake, lakini ilikuwa Meru.

Kwenye daraja alikuwepo bwana shauri mwenyewe.

Nyanya alisema alikuwa kijana mwenye masikio mekundu na sauti ya upole. Aliipokea karatasi, akaitazama, na uso wake ukabadilika ghafla, ukawa wa mtu aliyekutana na ndugu. Akaingia nayo hemani. Akamwita nyanya ndani, akampa kiti, jambo ambalo hakuna Mzungu aliyewahi kumfanyia.

"Mama, nani nabandika hii?"

"Mimi."

"Na gundi gani?"

Nyanya akamwonyesha ulimi.

"Oh, mama." Alishika kichwa. "Hii mzuri sana. Mpya kabisa. Wewe naharibu. Kwa nini nalamba?"

Nyanya akamweleza, kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwamba mtoto wake ni mgonjwa Meru, anakufa, na anaenda kumbariki. Bwana shauri aliitikia ndiyo, ndiyo, macho yakiwa kwenye mbayuwayu. Akaagiza birika. Akamwagia nyanya chai kwanza, yenye maziwa mengi, na maji ya moto yaliyobaki akayatia katika kisahani na kuyapoza kwa maji ya mtungi. Akachukua mkasi mdogo, akakata karatasi ya chifu kuzunguka stempu, akavilaza vipande juu ya maji vielee. Kisha wakakaa wote wawili wakivitazama. Nyanya alidhani ni dawa. Alidhani ndiyo namna wakubwa wanavyotia nguvu pasi, akanywa chai yake akingoja.

Stempu zilipoachia, kijana yule alizinyanyua kwa kibanio, moja moja, akazilaza kwenye karatasi ya kukausha wino na kuzitia kitabuni kwake. Mate yote ya nyanya yalibaki katika kisahani. Askari aliyamwaga nje.

"Sasa pasi," bwana shauri akasema.

"Ni hiyo umekata."

Akaitazama ile karatasi yenye matundu. "Hii hapana pasi, mama. Hii takataka."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nyanya alifungwa papo hapo kwa kosa la kutembea bila pasi. Walimpekua, wakaiona sarafu kwenye leso. Bwana shauri akaipima kiganjani, akasema ni kitu cha kuchezea watoto, yeye anakusanya stempu tu, akamrushia. Wakampeleka kambini kando ya daraja kuponda kokoto za barabara pamoja na wanawake wengine, mahali ambapo kila alipoinua kichwa aliiona Meru ng'ambo ya maji.

Nyanya hakulia. Alianza kutafuta njia nyingine. Siku chache baadaye lori la ngozi lilisimama kizuizini, na dereva wake alikuwa Mwislamu wa mtaani kwetu, mtu aliyenunua ngozi kwa baba. Nyanya alimtambua alipomsikia akitaja jina la mkwewe. Nyanya mwenyewe hangeweza kuvuka, lakini mate yangeweza. Akageukia upande, akaitemea sarafu pande zote mbili, akasema maneno yote ambayo angeyasema kifuani kwa mama, tangu ya harusi mpaka ya kuagana, akaiviringisha katika jani kavu la mgomba akalifunga kwa uzi. Dereva hakuona alichofanya. Aliambiwa tu, "Nimeibariki. Mgonjwa aiweke kifuani."

Nilikuwa uani siku sarafu ilipofika. Dereva alimpa baba lile fundo na maneno yale yale, neno kwa neno, na kumwambia nyanya yuko kambini. Baba alikaa chini juu ya gogo la kukatia nyama. Kisha akafungua jani, akaona ni sarafu gani, na nilimwona akifurahi. Alifurahi mno, maskini. Mama mkwe ambaye hakuwahi kumtumia hata salamu alikuwa amemtumia kitu kilichobarikiwa. Na kwa baba, kubariki kitu ni kukisomea dua, na kisomo hakitoki kwa maji. Lakini sarafu ilikuwa imesafiri katika rundo la ngozi mbichi, imenata na inanuka, na yeye aliikumbuka vizuri sauti ya mjomba: hii kitu haitaki uchafu.

Alianza na maji ya moto na sabuni ya mche. Akaisugua kwa jivu. Akaisuuza, akaisugua tena kwa kitambaa mpaka ule weusi wote ukatoka na sarafu ikang'aa rangi ya chungwa, mpya, nzuri kuliko nilivyoiona kwa mjomba. Jani alilitupa motoni. Akaingia kwa mama akiishika ukingoni kwa vidole viwili.

"Mama yako amekuletea baraka," akasema. "Hii hapa."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukiwaka vile. Mama aliipokea kwa mikono yote miwili, akaipeleka mdomoni. Akasita. Akainusa.

"Inanuka sabuni."

"Nimeisafisha mwenyewe, mama watoto. Ilikuwa chafu sana."

"Jani liko wapi? Ilifungwa kwa jani?"

"Nimelichoma."

Mama alimtazama. Nadhani alikuwa akitafuta pa kuanzia kumweleza, na pia akipima nguvu alizobakiwa nazo. Baba alisimama pale akitabasamu, mikono yake imechubuka kwa jivu. Mama akasema, "Ahsante, baba watoto," akaiweka kifuani. Baba alipotoka, mama aliniambia mimi, kwa Kiembu, ni nini kilichobaki katika sarafu ile na ni nini kilichotolewa. Kisha akaiacha iteleze, ikaanguka sakafuni, na hakuniomba niiokote.

Alifariki wiki ile ile. Tulimzika jioni ya siku ile ile aliyofariki, kama ilivyo desturi yetu. Baba aliweka sarafu juu ya kabati la vyombo, na kwa muda mrefu baadaye aliwaambia waliokuja kumpa pole kwamba angalau marehemu alipata baraka za mama yake. Watu walisema alhamdulillahi. Mimi nilikuwa nikienda uani.

Hali ya Hatari ilipokwisha na watu wakaruhusiwa kutembea, nyanya alikuja. Alikuja na mjomba, ambaye alikuwa amenenepa na amevaa soksi ndefu. Kwenye ule mkutano mwingine wa nje walikwenda watu wengine, na hakumsamehe mama yake hilo mpaka alipokufa. Tuliwapeleka makaburini kwanza. Nyanya aliinama, akatemea udongo, akasema maneno mafupi. Tuliporudi nyumbani baba aliwachinjia mbuzi bora wa zizi lake.

Baada ya kula nyanya aliniita. Alinitemea viganjani, kinyunyizo cha baridi, akanitakia watoto, mvua na usingizi. Kisha akamgeukia baba. Baba alikuwa amengoja siku hiyo tangu ujana wake. Alikuwa mtu asiye na mama, asiye na mzee wa upande wowote, na huyu ndiye mzazi pekee ambaye ndoa yake ilimpa. Alipiga magoti kwenye mkeka akakinga viganja vyake viwili vikubwa, vimeoshwa mpaka kucha. Nyanya alisogea karibu, mashavu yakaingia ndani, nikajua anakusanya mate.

Hapo ndipo mjomba alipoiona sarafu yake juu ya kabati.

"Nani ameisugua hii?" Alipiga kelele, na nilishangaa kuona machozi. Kaburini hakuwa nayo. "Imekwisha! Haina thamani tena! Nani ameiosha?"

"Ni mimi, shemeji," baba akasema, bado amekinga mikono. "Si ulisema haitaki uchafu? Niliiosha siku ile ile ilipoletwa."

Nyanya hakuweza kusema kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa. Alimgusa baba begani, akamwonyesha sarafu, kisha kifua chake mwenyewe, akainua nyusi kuuliza.

"Ndiyo, mama," baba akamjibu kwa furaha. "Kabla. Niliiosha vizuri kabisa kabla ya kumpa."

Nyanya alimtazama usoni, akatazama vile viganja. Koo lake likapanda na kushuka. Aliyameza.